Bastola ruksa bila kibali, kirungu je? Jibu kwa dada wa Columbus, Ohio

"Habari wakili. Mimi ni Mtanzania naishi Columbus, Ohio, nahudumia wazee shifti ya jioni. Natoka saa tano usiku, na kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani natembea kama robo saa. Majuzi kuna mwanaume alinifuata mpaka karibu na mlango wa apatimenti. Nikaagiza mtandaoni kile kirungu cha chuma cha kujilinda, kinakunjwa kinakuwa kifupi, ukikirusha mkono kinarefuka, kimeletwa mpaka mlangoni na sasa nakaa nacho kwenye mkoba. Shemeji yangu anasema nisihangaike, Ohio watu wanatembea na bastola bila kibali sembuse kirungu. Mwenzangu kazini anasema nitafungwa na grinikadi wataninyang'anya. Mwakani nataka kuomba uraia. Halafu wikiendi nyingine tunaenda na mume wangu kwa gari kumsalimia dada yangu Buffalo, na tuna ndugu Louisville. Kwetu Dar Mmasai anapita barabarani na rungu lake hamna anayemuuliza, huku kila mtu ananiambia lake. Niko salama au sipo?"

Dada, pole kwanza. Kufuatwa usiku mpaka mlangoni sio jambo dogo na sitaki ufike mwisho wa jibu hili ukadhani nakwambia uvumilie tu. Umeuliza swali la sheria ila ndani yake kuna swali la usalama wako, yote mawili ntayajibu, tuanze na la sheria kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia mambo wakati wewe unadhani umejipanga.

Kwa kifupi, shemeji yako kakosea na mwenzako kazini kakuza mambo. Kumiliki hicho kirungu na kukiweka nyumbani kwako Ohio sio kosa. Kukitia kwenye mkoba ukatoka nacho barabarani ndiko kwenye shida, na shida yenyewe imekaa vibaya kwa sababu sheria inakupa njia ya kujitetea, ila njia hiyo inafunguka baada ya kukamatwa na kufikishwa mahakamani, na kwa mtu anayesubiri uraia kukamatwa peke yake ni hasara tayari.

Hilo kosa la shemeji yako nalisikia karibu kila mahali penye watu wetu. Anachosema kuhusu bastola ni kweli. Kuanzia Juni 2022 Ohio mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea, ambaye sheria haijamzuia kumiliki bunduki, anaweza kubeba bastola kwa kuificha bila leseni. Sasa yeye anapiga hesabu ya kawaida, kwamba bastola inaua haraka kuliko kirungu, kwahiyo kama kikubwa kimeruhusiwa kidogo kitakuwa kimeruhusiwa zaidi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri hivyo hivyo, ila sheria haikuandikwa kwa hesabu hiyo. Ukisoma kifungu cha Ohio cha kubeba silaha kwa kuficha, namba yake 2923.12, utakuta wameanza kwa kukataza kubeba kwa kuficha silaha yoyote ya kuua isipokuwa bastola, ndio bastola wameipa maelezo yake pembeni. Ruhusa ya 2022 ni ya bastola tu. Hata ile leseni ambayo mtu bado anaweza kuichukua kwa sherifu ni leseni ya bastola, haifuniki kirungu wala kitu kingine. Kwahiyo ndio, jirani yako anaweza akapita na bastola kiunoni chini ya koti na asiwe na kosa, na wewe unayepita pembeni yake na kirungu kwenye mkoba ukawa nalo. Inachekesha na inaudhi, lakini ndivyo ilivyo.

Kwanini imekuwa hivi? Hivi virungu, pamoja na vile vifuko vya ngozi vyenye madini ya risasi ndani na vyuma vya kuvaa vidoleni, vilianza kupigwa marufuku zamani sana, New York walianza na baadhi yake mwaka 1849 na California wakaja na yao mwaka 1917, enzi ambazo vilionekana ni vitu vya majambazi wa mitaani na sio vya mtu mwema. Bunduki ikapata watetezi, vyama, pesa, mawakili, na kesi kubwa za Mahakama Kuu ya Marekani, ile ya Heller mwaka 2008 na ile ya Bruen mwaka 2022, zikasukuma majimbo mengi kulegeza. Kirungu hakikuwa na watu wa kukipigania kiasi hicho. Sheria zake nyingi zimebaki kama babu zao walivyoziandika, na kila jimbo limebaki na lake.

Sasa turudi kwenye mkoba wako, maana hapa maneno ya sheria yana uzito. Sheria ya Ohio inasema silaha iliyofichwa mwilini, au iliyofichwa mahali pa karibu unapoweza kuifikia. Mkoba begani ni karibu, mfuko wa koti ni karibu, chini ya siti ya dereva ni karibu, na kile kidroo cha mbele kwenye gari nacho usijidanganye. Na "silaha ya kuua" wameieleza kwa njia mbili, moja ni kitu kinachoweza kuua na kilichotengenezwa au kurekebishwa mahsusi kiwe silaha, na ya pili ni kitu chochote kinachoweza kuua ambacho wewe umekibeba kwa nia ya silaha. Kirungu chako kinaangukia ile ya kwanza bila ubishi mkubwa, hakuna mtu anayeponda viazi nacho. Ile ya pili ndiyo inayowanasa wanaojifanya wajanja, wale wanaosema basi ntabeba fimbo ya besiboli kwenye gari. Fimbo ya besiboli ikiwa na glavu na mpira na mtoto wako yuko kwenye timu, ni kifaa cha michezo. Fimbo hiyo hiyo ikiwa peke yake chini ya siti na polisi akakuuliza ya nini ukamjibu "ni ya kujilinda", umeshamwambia mwenyewe kwamba ni silaha.

Adhabu yake kwa mtu ambaye hajawahi kutiwa hatiani ni kosa dogo la daraja la kwanza, maana yake mpaka siku 180 jela ya kaunti na faini mpaka dola 1,000. Nasema "mpaka", kwa sababu mtu mwenye rekodi safi na maelezo yanayoeleweka mara nyingi haishii huko. Ila kwa mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa hilo hilo au kosa la kutumia nguvu, linapanda linakuwa kosa kubwa. Na kuna mahali ambapo kiwango hicho cha chini hakipo kabisa. Eneo la shule na mahakamani, ukiingia na silaha ya kuua ni kosa kubwa la daraja la tano hata kama ni mara yako ya kwanza. Kama una watoto unaowachukua shule alafu kirungu kiko kwenye mkoba umekisahau tokea jana usiku, hapo ndipo naogopa zaidi kuliko barabara ya usiku, kwa sababu ni rahisi mno kutokea na hamna anayepanga.

Alafu kuna ile njia ya kujitetea niliyokutajia. Kifungu hicho hicho cha Ohio kinasema, kama silaha sio bastola, mshtakiwa anaweza kujitetea kwamba aliibeba kwa ajili ya kujilinda akiwa kazini, au akienda au kutoka kwenye kazi halali, na kazi yenyewe au muda wake au mahali pake panamuweka kwenye hatari ya kushambuliwa kiasi ambacho mtu makini angejihami. Kuna na nyingine inayohusu mtu aliyekuwa anafanya shughuli halali na ana sababu ya msingi ya kuogopa kushambuliwa yeye au familia yake. Ukisoma hayo dada unaweza kusema mbona ni mimi kabisa huyu, natoka kazini saa tano usiku, nimefuatwa majuzi. Ni kweli, una hoja nzuri, na ningekuwa wakili wako ningeitumia bila kusita.

Lakini angalia inavyofanya kazi. Huu ni utetezi ambao mzigo wa kuuthibitisha uko kwako. Polisi wa barabarani halazimiki kukuamini. Anaweza kukukamata, ukapelekwa, ukachukuliwa alama za vidole, ukapangiwa tarehe, na ndipo mbele ya jaji au baraza la wazee wa mahakama ukathibitisha kwamba uoga wako ulikuwa na msingi. Pengine mwendesha mashtaka ataifuta kesi kabla ya hapo. Hata akiifuta, umeshakamatwa, hilo halifutiki kwenye fomu ntakayoizungumzia sasa hivi.

Uraia. Mwenzako aliyesema utanyang'anywa grinikadi amechanganya. Sheria ya uhamiaji ina kifungu cha kumfukuza mtu kwa makosa ya bunduki na vilipuzi, na kirungu sio bunduki, kwahiyo kifungu hicho hakikugusi. Kubeba tu bila nia ya kumdhuru mtu pia kwa kawaida hakuhesabiwi kwenye yale makosa ya uovu yanayoleta balaa kwenye grinikadi, ingawa mashtaka yakiandikwa kwa namna inayoonyesha nia ya kushambulia habari inabadilika. Shida yako iko kwenye fomu N-400, ile ya kuombea uraia. Fomu ile inauliza kama umewahi kukamatwa, kuandikiwa notisi, kuwekwa kizuizini au kushtakiwa, wakati wowote, popote. Sio kutiwa hatiani tu, kukamatwa. Kesi ikifutwa unaandika, rekodi ikifungwa na mahakama bado unaandika, na unapeleka karatasi ya mahakama yenye muhuri inayoonyesha kesi iliishaje. Ofisa anaangalia mwenendo wako wa miaka 5 kabla ya kuomba, au 3 kama unaomba kupitia mume ambaye ni raia, na anaruhusiwa kuangalia nyuma zaidi. Na kama ulipewa kipindi cha uangalizi badala ya jela, ombi haliwezi kukubaliwa mpaka kipindi hicho kiishe. Unaona jinsi kitu cha dola chache kinavyoweza kukuahirishia kiapo cha uraia kwa mwaka mzima au zaidi, na wala hukumpiga mtu.

Na ukificha ndio umejimaliza, kwa sababu alama zako za vidole zinatafutwa. Kusema uongo kwenye fomu ni kosa baya kuliko kirungu chenyewe.

Umesema kililetwa mpaka mlangoni kama ushahidi kwamba ni halali. Hapana dada. Duka la mtandaoni halikulindi, wauzaji wengi wanaandika chini kabisa kwa herufi ndogo majimbo wasiyotuma na mengine wanamwachia mnunuzi ajijue.

Sasa hizo safari zenu. Kirungu kikitoka Ohio kinabadilika jina kisheria kila unapovuka mpaka, na nyinyi mna bahati mbaya ya kuwa na ndugu kwenye pande mbili zinazopingana kabisa.

Louisville ni nafuu. Kentucky kirungu cha aina hii kimetajwa kwa jina kwenye orodha ya silaha za kuua, lakini tangu 2019 mtu wa miaka 21 na kuendelea ambaye kisheria anaruhusiwa kumiliki bunduki anaweza kubeba kwa kuficha bunduki au silaha nyingine za kuua bila leseni. Yaani wao walikumbuka kuandika "na silaha nyingine". Mwenye grinikadi na rekodi safi kwa kawaida yumo, mwenye viza ya muda kama ya masomo au ya matembezi kwa kawaida hayumo kwa sababu sheria ya shirikisho inamzuia bunduki. Kwahiyo mtu akiwa Cincinnati na kirungu mfukoni ana kosa, akivuka daraja la mto Ohio akaingia Covington, dakika chache tu, kosa halipo. Ila shule za Kentucky usizisogelee nacho, huko ni kosa kubwa.

Buffalo ni kinyume chake. New York sheria yao ya silaha, kifungu 265.01, inataja kirungu kwa jina na inakataza kuwa nacho tu. Hawaulizi ulikificha au ulikishika mkononi, hawaulizi ulikuwa na nia gani. Kuwa nacho basi. Ni kosa dogo la daraja A, mpaka siku 364 jela. Zamani watu walikuwa wanabishana kwamba neno lililotumika kwenye sheria linamaanisha kile cha mbao cha polisi wa zamani na sio hiki cha chuma cha kurefuka, mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo katika kesi ya Ocasio ikasema hiki cha chuma kinaingia humo. Na kuna kitu kibaya zaidi ambacho wengi hawakijui, New York kirungu kikikutwa kwenye gari sheria inaanza na dhana kwamba wote waliomo ndani ya gari wanakimiliki. Sio wewe tu mwenye mkoba, na mume wako anayeendesha, na dada yako mliyemchukua kwenda kanisani.

Najua shemeji yako atakuja na lile la kwamba kuna sheria ya shirikisho inayoruhusu kupita jimbo hadi jimbo na silaha ikiwa imefungiwa kwenye buti. Ipo, ya mwaka 1986, na ni ya bunduki. Kirungu hakimo. Kwa hiyo msipande I-90 kwenda Buffalo na hicho kitu, hata kwenye buti, hata kimefungwa kwenye boksi lake. Na njiani mnapita Pennsylvania kwa Erie, nao wana kifungu cha silaha zilizokatazwa kinachotaja vifuko vya ngozi vya kupigia na vyuma vya vidole kisha kinamalizia na kifaa chochote cha kuumiza vibaya kisichokuwa na matumizi ya kawaida ya halali. Maneno mapana kama hayo ni ya kumpa wakili kazi, sio ya kujaribia.

Ukienda mbali zaidi picha inaendelea kuchanganyika. Texas mpaka 2019 kubeba kirungu kulikuwa kosa dogo la daraja A, bunge lao likakiondoa Septemba mosi mwaka huo, pamoja na vyuma vya vidole, baada ya wanawake kukamatwa kwa sababu ya vile vishikio vya funguo vya plastiki vyenye sura ya paka. Shule na mahakama bado wamezizuia. Florida tangu Julai 2023 unaweza kukibeba kwa kuficha bila leseni ukiwa umetimiza masharti yale yale ya mwenye leseni, na masharti hayo yanataka uwe na miaka 21 na uwe raia au mwenye grinikadi, kwahiyo mwenzetu ambaye kesi yake ya hifadhi bado inasubiri asijihesabu. California ni marufuku hata kumiliki. Jaji mmoja wa shirikisho kule aliamua Februari 2024 kwamba marufuku hiyo inavunja katiba, serikali ya jimbo ikakata rufaa, na mtu asiende kununua kwa kusoma kichwa cha habari cha hukumu iliyokatiwa rufaa.

Hii ya katiba inanigusa kwa sababu watu wananitumia sana. Ni kweli mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwenye kesi ya Caetano kwamba haki ya kubeba silaha haiishii kwenye bunduki, ile ilikuwa kifaa cha kupiga shoti ya umeme, na mwenye kesi alikuwa mwanamke aliyekuwa anajilinda na mzazi mwenzie. Na mwaka 2014 mahakama ya juu ya Connecticut ilimwondolea hatia mwanajeshi mstaafu aliyekutwa na kirungu na kisu kwenye gari akiwa anahama nyumba. Wote wawili walishinda. Wote wawili walishinda baada ya kukamatwa, kuhukumiwa na kukata rufaa mpaka juu kabisa. Mimi kama wakili nafurahia kesi kama hizo. Kwako wewe unayesubiri kiapo siitaki.

Kuna sehemu nyingine ambazo ni sawa nchi nzima bila kujali jimbo. Majengo ya serikali ya shirikisho hayaruhusu silaha, kosa linaweza kufika mwaka mmoja jela na mahakama za shirikisho miwili, na humo ndimo mnamoenda sana nyinyi, ofisi ya uhamiaji kwa alama za vidole na intavyuu, ofisi ya soshal sekyuriti. Angalia mkoba kabla hujashuka kwenye gari. Uwanja wa ndege kirungu hakiingii kwenye begi la mkononi, kwenye begi la kupakiwa kinaruhusiwa, lakini bado unatakiwa kuwa halali ulikotoka na unakokwenda. Na kazini kwako soma kile kijitabu cha sheria za waajiriwa, karibu kila nyumba ya wazee inakataza silaha za aina yoyote, mkoba wako upo kwenye loka na mwajiri anaweza kukufukuza hata kama hakuna polisi aliyeitwa.

Haya, tuje kwenye usalama wenyewe. Hata sheria ingekiruhusu nisingekuchagulia kirungu. Kile kitu kinafanya kazi kwa anayejua kukitumia, na polisi wanafundishwa kwa saa nyingi wapi wapige, mapaja na misuli ya mikono, na wapi wasiguse, kichwa, shingo, uti wa mgongo, figo. Mtu aliyeogopa gizani hapigi paja. Anapiga kichwa. Na sheria ya Ohio inahesabu nguvu ya kuua kuwa nguvu yoyote yenye hatari kubwa ya kusababisha kifo, chuma kichwani kinaingia humo, kwahiyo utatakiwa uwe uliamini kwa sababu za msingi kwamba unakaribia kuuawa au kuumizwa vibaya sana. Ohio haikulazimishi kukimbia kwanza ukiwa mahali unaporuhusiwa kuwepo, hilo lilibadilishwa Aprili 2021, na tangu 2019 mwendesha mashtaka ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hukuwa unajilinda. Hayo ni mazuri kwako. Ila mtu akikufuata tu, akikutukana tu, bado hujafika hapo, na mtu aliyeanguka ukaendelea kumpiga umeshatoka kwenye kujilinda. Tena kirungu kinahitaji nafasi ya kukirusha kirefuke, mtu akishakukaribia anakishika na sasa ni chake.

Ningekuwa wewe ningechukua dawa ya pilipili, ile ya jeli ambayo haipeperushwi sana na upepo. Haijatengenezwa kuua kwahiyo kile kifungu cha Ohio cha silaha ya kuua hakiingii vizuri kwake, na inamsimamisha mtu akiwa mbali kidogo na wewe. Ukienda Buffalo iache pia, New York wana masharti yao, mnunuzi awe na miaka 18 na kuendelea, inauzwa kwenye famasi au duka la bunduki lenye leseni, haitumwi kwa posta, na lazima iwe ya kiwango chao. Alamu ya mkononi ya kupiga kelele ni halali kila mahali na haikuletei maswali. Kazini omba mlinzi au mwenzako akusindikize mpaka kituoni, na uulize kama shifti inaweza kusogezwa uwahi basi la mapema, mameneja wengi wanakubali wakisikia kuna mtu amekufuata, hasa ukiwaandikia barua pepe badala ya kusema kwa mdomo.

Na hili ndilo ningelifanya leo hii kabla ya yote. Piga ile namba ya polisi isiyo ya dharura utoe taarifa ya yule mwanaume, tarehe, saa, mtaa, alivyovaa. Huhitaji kumjua jina. Wengi wetu hatupendi kuita polisi na naelewa kwanini, lakini taarifa hiyo ni karatasi, na karatasi ndiyo inayoonyesha baadaye kwamba uoga wako haukuwa wa kubuni. Akirudia na ukamjua ni nani, Ohio kuna amri ya mahakama ya kumzuia mtu anayekufuatilia, unaiomba mahakama ya kaunti na hutozwi ada ya kufungua. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza cha mahakamani kinakubabaisha, ni bure.

Ikitokea umesimamishwa na polisi na kirungu kiko kwenye mkoba, mikono ionekane, usiingize mkono kutafuta kitambulisho bila kumwambia. Taja jina lako, mpe kitambulisho, na akianza kuuliza kitu hiki ni cha nini mwambie kwa upole kwamba ungependa kuongea na wakili kwanza. Usianze kueleza ule utetezi barabarani hata kama umeukariri kutoka hapa, utausema vibaya na utaandikwa. Usikubali kosa siku ya kwanza mahakamani ili tu urudi kazini. Jaji wa Ohio anatakiwa akuonye kwamba kukubali kosa kunaweza kukuathiri uhamiaji, na tangu kesi ya Padilla mwaka 2010 wakili wako wa jinai anawajibika kukushauri kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini. Huna pesa, omba wakili wa utetezi wa umma wa kaunti ya Franklin, mwambie tokea sentensi ya kwanza kwamba wewe sio raia.

Hicho kirungu kwa sasa kiache nyumbani, au mwombe muuzaji akipokee kama siku za kurudisha hazijaisha. Na kama tokea kimefika umeshawahi kusimamishwa nacho au kuandikiwa chochote, hata tiketi, hata kama waliirarua mbele yako, usijaze N-400 kabla ya kukaa ana kwa ana na wakili wa uhamiaji. Nenda na grinikadi, karatasi yoyote uliyopewa na polisi au mahakama, namba ya taarifa yako ya polisi, na orodha ya tarehe ulizotoka nje ya nchi tangu upate grinikadi, atakuuliza tu.